Mkataba Usiomjua Mama

Saa kumi jioni Mombasa ni saa kumi jioni Riyadh. Kenya na Saudi Arabia ziko katika ukanda mmoja wa saa, na ndege ya Nairobi hadi Jeddah hufika mapema kuliko basi la Nairobi hadi Mombasa. Mtoto anapovua sare ya shule Kisauni, saa ya ukutani kwa mwajiri wa mama yake inaonyesha wakati uleule. Mkenya aliyeko Boston, nyuma kwa saa saba au nane, huwapigia wanawe simu kila anapotaka. Mwenzake aliyeko Riyadh huenda akamaliza wiki nzima bila kusikia sauti ya mwanawe, kwa kuwa simu yake imefungiwa kabatini na mwenye nyumba. Kinachowatenga mama na mtoto hapa si bahari wala jangwa. Ni karatasi. Kwa wakala, mwanamke huulizwa ana watoto wangapi, kwa sababu mwajiri hupenda aliyewahi kulea. Kwenye mkataba wa miaka miwili anaoutia saini, watoto hao hawamo. Uzoefu wake wa kulea umekubaliwa kama sifa ya kazi, lakini wale aliowalea hawana mstari hata mmoja.

Mjadala wetu kuhusu wazazi wanaotafuta riziki ng'ambo hukimbilia hukumu. Wapo wanaomwita mama huyo shujaa aliyejitoa kwa ajili ya wanawe. Wapo wanaomlaumu kwamba amewatupia wazee watoto akafuata riyali. Pande zote mbili zinauliza swali lilelile: je, ilikuwa haki aondoke? Swali hilo linamweka mtu mmoja kizimbani na kuwaacha nje wote walioandika masharti ya safari yake. Hoja ya makala haya ni kwamba kuondoka kwa mzazi, peke yake, hakujengi familia wala hakuibomoi. Kinachoamua ni masharti: anaondoka kwa mshahara gani, ana uhuru gani wa kuzungumza na kurudi, na nani amebaki na watoto akiwa na uwezo gani. Masharti tunayowapa wazazi wa Afrika Mashariki wanaokwenda Arabuni yameandikwa kana kwamba anayeondoka hakuzaa.

Tuanze na fedha, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2004 Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola milioni 338 kwa njia zinazohesabiwa na Benki Kuu. Mwaka 2024 kiasi hicho kilifikia takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya mapato ya chai, zao lililokuwa fahari ya taifa. Zaidi ya nusu ya fedha hizo hutoka Marekani, lakini Saudi Arabia imepanda hadi kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza, na fedha za Saudia zina sura yake. Nyingi hazitoki kwa wauguzi wala wahandisi. Hutoka kwa wanawake wa Kilifi, Nakuru, Kakamega na Kisii waliokwenda kufagia, kupika, kufua na kulea watoto wa watu, na huingia kidogokidogo mwisho wa mwezi kwenye simu ya mama mzazi, dada au mume. Anayezipokea hazioni kama akiba ya taifa ya fedha za kigeni. Anaona karo, deni la dukani, mabati, dawa za presha za mzee. Sera yoyote inayotaka kuwasaidia watu hawa lazima ianze kwa kukiri kwamba fedha hizo ni halali, ni za jasho, na zina kazi.

Kwamba zina kazi ni jambo lenye ushahidi. Mwaka 1997 sarafu za Asia zilipoporomoka, peso ya Ufilipino ilishuka thamani, na familia zenye jamaa walioajiriwa nje zikajikuta zinapata peso nyingi zaidi kwa mshahara uleule wa kigeni. Mwanauchumi Dean Yang alifuatilia kilichotokea katika nyumba hizo: watoto walidumu zaidi shuleni, kazi za kuajiriwa kwa watoto zilipungua, na watu wazima wakatia nguvu zaidi katika shughuli zao wenyewe za kujiajiri. Ushahidi huu una uzito wa pekee kwa sababu hakuna familia iliyochagua mporomoko ule. Huwezi kusema waliofaidika ni wale waliokuwa na bidii au akili ya biashara tangu mwanzo. Fedha ziliongezeka, na maisha ya watoto yakaonyesha nyongeza hiyo.

Upande wa pili wa daftari una ushahidi vilevile. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 111 zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 260,000, zikiwalinganisha walioachwa nyumbani na wazazi waliokwenda kutafuta kazi na wenzao wasioachwa. Walioachwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya sonona, wasiwasi, mawazo ya kujiua na udumavu wa mwili kuliko wenzao wanaoishi na wazazi, na watafiti hawakuona kipimo chochote cha afya ambacho watoto walioachwa waliwashinda wenzao. Mtu anaweza kuzisoma kurasa hizo na kuufunga mjadala: mama arudi nyumbani. Lakini tafiti nyingi zilizokusanywa zilifanywa China, na wazazi wengi waliohusika walihama ndani ya nchi yao wenyewe. Huko kuna utaratibu wa kuandikisha kaya, unaoitwa hukou, ambao kwa miaka mingi umemfanya mtoto wa mfanyakazi kutoka kijijini ashindwe kupata shule ya umma katika jiji ambalo mzazi wake analijenga kwa matofali. Mzazi angeweza kupanda treni na mwanawe. Kanuni ndiyo iliyomshusha mtoto.

Utafiti uliofanywa kusini mashariki mwa Asia kuanzia mwaka 2008, ukilinganisha nchi nne kwa vipimo vilevile, unalikaza jambo hili. Indonesia na Thailand, watoto ambao baba zao walikuwa nje walionyesha hali mbaya zaidi ya kisaikolojia kuliko wenzao. Ufilipino na Vietnam, tofauti hiyo haikuonekana. Kama kutokuwapo kwa mzazi kungekuwa sumu yenyewe, ingeua kila mahali kwa kipimo kimoja. Badala yake tunaona kwamba madhara yanafuata mazingira: nani amebaki, mawasiliano yakoje, jamii imezoea nini, serikali imeweka nini. Fedha zinasaidia, kutengana kunaumiza, na uzito wa kila upande unategemea mambo ambayo watu wameyapanga na wanaweza kuyapangua.

La kwanza kati ya mambo hayo ni nani anayebaki. Mwanasosholojia Rhacel Parreñas, katika utafiti wake kuhusu familia za Ufilipino uliotoka kitabuni mwaka 2005, alionyesha kwamba mama anapoondoka, mara nyingi baba hashiki kazi za malezi. Zinaangukia kwa bibi, shangazi na binti mkubwa, na mama mwenyewe hutarajiwa aendelee kuwa mama kwa simu, akipanga chakula cha jioni akiwa maelfu ya kilomita. Mtoto hujiona ametelekezwa hata pale baba alipo chini ya paa moja naye. Msomaji wa huku hahitaji kwenda Manila kulielewa hili. Binti wa miaka 14 anayemwogesha mdogo wake alfajiri, akamfunga vifungo vya shati, kisha akachelewa darasani na kuadhibiwa, analipa sehemu ya riyali zinazotumwa, na hakuna risiti inayoandikwa jina lake. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inasema mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na kwamba wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au la. Kwa hiyo, anayeuliza kwa nini mama ameondoka na asiulize baba anafanya nini nyumbani ameisoma nusu ya ibara.

Kwa hakika, ughaibuni wa wazazi si jambo jipya kwetu. Kilichobadilika ni jinsia ya anayeondoka. Katika enzi ya ukoloni wanaume wa Tanganyika walisafirishwa kutoka mikoa ya mbali hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa ile namba waliyopewa. Wengine walivuka hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mshahara wao ulikadiriwa kumtosha mwanamume asiye na familia, kwa hoja kwamba mke wake huko kijijini ana jembe, atailisha familia mwenyewe. Jembe la mke ndilo lililomwezesha mwenye shamba kulipa kidogo. Hakuna aliyewaita manamba baba wabaya, ingawa wengine walikaa miaka wasijulikane waliko. Leo mwanamke ndiye anayepanda ndege, lakini hesabu ni ileile: mshahara wa mtu asiye na familia, na familia inayobebwa bure na mwanamke mwingine aliyebaki. Tofauti ni kwamba safari hii, pamoja na mshahara wa manamba, mama anapewa na lawama ambayo manamba hakupewa.

Tuutazame mshahara huo kwa karibu. Ripoti ya Amnesty International ya Mei 2025, iliyotokana na mahojiano na Wakenya zaidi ya 70 waliofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, ilikuta mshahara wa wastani ni takriban riyali 900 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986, kwa hiyo hizo ni dola 240, kama shilingi 31,000 za Kenya. Wengi walieleza kufanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 bila mapumziko, hiyo ni nusu dola kwa saa. Sasa mfikirie mama mzazi wake mwisho wa mwezi, amesimama mbele ya kibanda cha M-Pesa na kitambulisho mkononi, karatasi ya hesabu imekunjwa ndani ya leso. Karo ya wawili, unga, mafuta, nauli, mchango wa mazishi kijijini, na fungu la ujenzi ambalo binti amesisitiza lisiguswe. Yeye mwenyewe hayumo kwenye karatasi hiyo. Kuamka usiku mtoto akiwa na homa, kwenda kwenye mkutano wa wazazi, kugombana na kijana wa miaka 15 anayeanza kuchelewa kurudi, yote hayo hayana bei. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Uchumi wa fedha za kutumwa umejengwa juu ya kusahau methali hiyo.

Mshahara mdogo ungevumilika zaidi kama ungekuja na uhuru wa kuzungumza na kurudi. Hapa ndipo mfumo wa kafala unapoingia, ambao humfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake: iqama yake, yaani kibali chake cha ukaazi, inamtegemea mdhamini, na akitoka nyumbani kwake bila idhini anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Kwa kuwa mwajiri ndiye anayemlipa wakala gharama za kumleta mfanyakazi, wanawake wengi waliorudi wamesimulia kauli ileile waliyoisikia jikoni: nimekununua. Sheria ya jumla ya kazi ya Saudi Arabia haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani, wanaowekewa kanuni zao za pembeni, na mageuzi yaliyoanza mwaka 2021 ya kumruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri yaliwaacha nje. Human Rights Watch ilikuta hali inayofanana mwaka 2017 kwa Watanzania waliokuwa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Hata Muscat, ambako zipo nyumba zinazozungumza Kiswahili kwa damu na historia ya Unguja, lugha moja haikutosha kumpa mfanyakazi pasipoti yake.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Kafala katika fiqhi ni dhamana ya rehema. Kila Mwislamu wa pwani anajua fadhila za kumkafili yatima, yaani kumchukua mtoto asiye na mlezi na kubeba gharama na malezi yake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imelitambua neno hilo kwa maana hiyo, ikiiweka kafala miongoni mwa njia halali za kumlea mtoto asiyelelewa na wazazi wake. Kwa hiyo tunalo neno moja linalobeba mambo mawili. Huku ni ahadi ya kumlinda mtoto. Kule ni kamba inayomtenga mama na mtoto wake. Asili ya dhamana ni kwamba mwenye nguvu anabeba mzigo wa asiye na nguvu. Anayetaka kafala ya kazi ibadilishwe hapingani na mila wala dini ya Ghuba. Anaidai dhamana irudi kwenye maana yake.

Gharama ya kamba hiyo hufika hadi uhai. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilieleza kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, wakiwemo wafanyakazi wengi wa nyumbani, na kwa wengi sababu iliyotolewa ilikuwa moyo kusimama. Kila moyo wa aliyekufa umesimama. Maneno hayo hayaelezi kilichousimamisha. Nyuma ya kila jeneza lililopokelewa uwanja wa ndege kulikuwa na kipindi cha ukimya ambacho familia ilipiga simu isiyopokelewa. Simu mkononi mwa mfanyakazi ni uzi wa malezi, na pia ni mlinzi wa kwanza wa uhai wake, kwa sababu anayemjua kwa sauti ndiye wa kwanza kugundua kwamba kuna jambo.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku safari hizi. Hoja hii inatoka kwa watu wenye uchungu wa kweli, na inastahili jibu lenye ushahidi. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2014 na kuiondoa mwaka 2017. Ethiopia ilipiga mwaka 2013, ikaondoa mwaka 2018. Uhitaji haukusoma gazeti la serikali: wanawake waliendelea kuondoka, wengine kwa kupitia nchi jirani, wengine kwa viza za matembezi, na Waethiopia wengi kwa kuvuka bahari hadi Yemen. Walichopoteza ni karatasi za kuwafanya wajulikane na ubalozi wao. Sri Lanka ilijaribu njia nyembamba zaidi mwaka 2013, ikawazuia akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano kwenda kufanya kazi za nyumbani nje, na kudai ripoti ya hali ya familia kabla ya safari. Nia ilikuwa kumlinda mtoto. Matokeo yake, mama alilazimika kumficha mtoto wake kwenye karatasi ili apate kumlisha, na madalali wakapata biashara mpya ya kuuza ripoti. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2022. Funzo lake linaigusa hoja yetu moja kwa moja: marufuku nayo ni mkataba usiomjua mama. Inamtaja mtoto ili kumwadhibu mzazi, halafu inamfuta.

Wengine husema kinyume: tukidai mengi, waajiri watachukua watu wa nchi nyingine. Hofu hii ina msingi. Ufilipino ilipotangaza mwaka 2006 kwamba mfanyakazi wa nyumbani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi wala asitozwe ada ya kutafutiwa kazi, mvutano ulifuata, na mwaka 2011 Saudi Arabia ilisitisha viza za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia. Mawakala walitazama kwingineko, na Afrika Mashariki ilikuwa sehemu ya kwingineko huko. Lakini simulizi haikuishia hapo. Mwaka 2013 Saudi Arabia na Ufilipino zilitia saini makubaliano kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, Wafilipino wakarudi kuajiriwa kwa kima hicho cha dola 400, na kiasi kinachotumwa Ufilipino kimeendelea kukua hadi kupita dola bilioni 33 kwa mwaka. Mwaka 2018, baada ya mwili wa mfanyakazi mmoja kukutwa ndani ya friza Kuwait, Manila ilizuia wafanyakazi wake kwenda huko, na miezi michache baadaye nchi hizo mbili zikakubaliana kwamba mfanyakazi abaki na simu yake na pasipoti isishikwe na mwajiri. Marufuku ile ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa chombo cha mazungumzo, ikiwa na dai lililoandikwa na mwisho uliojulikana. Marufuku zetu zilikuwa kufunga mlango na kuondoka.

Mtu atasema Ufilipino ina uzoefu wa nusu karne, na wafanyakazi wake wanajulikana kwa Kiingereza na mafunzo. Ni kweli, na ndiyo sababu nchi moja ya Afrika Mashariki haiwezi kufika peke yake. Kenya, Uganda na Burundi zimetia saini na Saudi Arabia kila moja kwa wakati wake, kila moja ikijua kwamba jirani yake anaweza kukubali kidogo zaidi. Soko la namna hiyo hushusha bei hadi mahali ambapo mwenye shida kubwa kuliko wote anasimama. Tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye ushuru wa pamoja wa forodha kwa magari na ngano. Kima cha pamoja cha mshahara na kifungu kimoja cha simu na pasipoti kwa mfanyakazi wa nyumbani si jambo gumu kulijadili kuliko ushuru wa ngano. Hofu ya kushindana ni sababu ya kujadiliana pamoja. Haiwezi kuwa sababu ya kukaa kimya.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: haya yote ni viraka, dawa ya kweli ni kazi nyumbani. Hakuna anayelikataa hilo. Mama ambaye angepata shilingi 31,000 za uhakika Malindi asingekwenda Dammam. Lakini ajira za kutosha hazitapatikana kabla mtoto aliyeko darasa la pili leo hajamaliza shule, na serikali yenyewe, kupitia mpango wa Kazi Majuu, inawahimiza watu waende. Serikali inayomsindikiza mzazi hadi uwanja wa ndege na kuzijumlisha dola zake kwenye hotuba haiwezi kumwambia kwamba malezi ni shauri la nyumbani kwake. Ikiwa safari ni sera, basi mtoto aliyebaki ni sehemu ya sera.

Mkataba unaomjua mama ungekuwaje? Kwanza, uandike simu na pasipoti kuwa mali ya mfanyakazi, na utaje muda wa mazungumzo na familia kila siku. Kati ya Kenya na Saudia hakuna tofauti ya saa ya kusingizia, na mwajiri hapotezi hata riyali. Pili, utaje likizo yenye tiketi baada ya mwaka, na safari ya dharura mtoto anapofiwa na mlezi au kuugua sana. Tatu, uweke kima cha mshahara na njia ya kulipwa benki, ili kuchelewa kwa mshahara kuonekane mwezi wa kwanza, si mwezi wa nane. Fedha zikishapatikana, zifike. Kutuma dola 200 kwenda Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu wastani wa takriban asilimia 8, ilhali Umoja wa Mataifa umeweka lengo la chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Anayetuma kiasi hicho kila mwezi kwa miaka miwili na kutozwa wastani huo amelipa dola 384, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu.

Sehemu ya pili ya mkataba huo inatekelezwa huku, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kabla mzazi hajaondoka, aandike mlezi kwa karatasi inayotambuliwa na shule, zahanati na ofisi ya watoto, ili bibi asiambiwe na mwalimu mkuu kwamba yeye si mzazi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 tayari inatambua malezi ya ndugu. Kinachokosekana ni kuiunganisha na dawati linalompitisha mfanyakazi. Walimu wajue ni watoto gani wana mzazi nje, kwa heshima na siri, ili utoro na ukimya wa mtoto visomwe mapema. Mfuko wa ustawi wa wafanyakazi nao unawezekana: Ufilipino hukusanya dola 25 kwa kila mkataba, na kutoka humo hugharimia misaada kwa walioko nje na ufadhili wa masomo kwa watoto wao. Na akina baba waliobaki waitwe kwenye mafunzo yale ya kabla ya safari. Mwanamke hufundishwa kutumia mashine ya kufulia ya Riyadh. Mwanamume afundishwe kwamba kuanzia kesho kufua ni kwake.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalomfanya mtoto asimkumbuke mama yake. Kutengana kuna maumivu ambayo hakuna kifungu kinachoyamaliza, na ni uongo kuahidi vingine. Lakini ipo tofauti kati ya mtoto anayemkumbuka mama anayejua yuko wapi, aliyeongea naye jana na anayejua mwezi wa kurudi kwake, na mtoto anayemkumbuka mama ambaye kila mtu nyumbani huzungumza juu yake kwa sauti ya chini. Wa kwanza ana huzuni. Wa pili ana jeraha. Sheria haina uwezo juu ya huzuni ya wa kwanza. Jeraha la wa pili limeandikwa kwa kalamu, na kwa kalamu linaweza kuzuiwa. Maofisa wetu watakapoketi tena Riyadh, Muscat au Doha kuyafungua upya makubaliano haya, wataulizana kuhusu idadi ya wafanyakazi, ada za mawakala na muda wa viza. Kabla ya kutia saini, mmoja wao aigeuze ile karatasi na kuuliza: watoto wa huyu wameandikwa ukurasa gani?